Saa 45 Zilisomeshwa Lini?

Wasomaji wa ukurasa huu wamenizoea kwa mambo ya tungo, vina na mizani, na huenda wengine wakastaajabu kuniona leo nimeingia katika ratiba za vyuo vikuu. Wasinilaumu. Mtunzi ni mtu wa kuhesabu. Shairi likipungua mizani moja, msikilizaji wa pwani huihisi kasoro kwa sikio kabla hajaiona kwa jicho, wala hatasema "haidhuru, mradi maneno ni matamu". Basi nami nimeletewa hesabu iliyopungua, tena si kwa mizani moja, na aliyeniletea ni binti ya ndugu yangu.

Mtoto huyu aliingia chuo kikuu kimoja cha umma Septemba ya mwaka 2021. Jina la chuo silitaji, kwani yaliyompata yeye yamewapata wengi katika vyuo vingi, na kukitaja kimoja ni kuvisafisha vingine. Masomo yake ni ya miaka 4. Kwa hesabu ya vidole ilikuwa amalize katikati ya mwaka 2025. Lakini mwaka 2024, katika miezi yake ya mwisho, wahadhiri waligoma mara mbili, na ratiba ikaanza kuburura mguu. Muhula wake wa mwisho ukaangukia Septemba ya 2025, na tarehe 17 ya mwezi huo wahadhiri wakatoka tena. Walirudi Novemba 5, siku 49 zikiwa zimekwenda. Kisha ikabandikwa ratiba mpya: mihadhara wiki chache, mitihani ifuate, na mambo yaende.

Siku moja alinijia baada ya Alasiri akanipa karatasi. Alikuwa akiomba nafasi ya kuendelea na masomo ng'ambo, na wenyewe wa ng'ambo walitaka kujua kila somo alilosoma lilichukua saa ngapi. Chuo kilimwandikia barua nzuri, yenye mhuri na sahihi: kila somo, saa 45.

"Ami," akaniuliza, "hizo saa 45 nilizisoma lini?"

Nikamwambia anihesabie somo moja tu la muhula ule, walikutana na mhadhiri mara ngapi. Akakunja vidole. Mara 6, saa 3 kila mara, na katika hizo 6 kuna moja ambayo mhadhiri alikuja, akagawa makaratasi, akaenda zake. Tukiifumbia macho hiyo, ni saa 18.

"Sasa barua hii niipeleke?"

Siku ile sikumjibu. Makala haya ndiyo jibu langu, na nimechelewa nalo.

Tuieleze kwanza hesabu yenyewe, kwa kuwa wazazi wengi hulipa karo bila ya kujua wanachonunua. Katika vyuo vyetu vingi somo moja hukadiriwa kuwa saa 45 za darasani, yaani saa 3 kwa wiki kwa muda wa wiki 15. Viko vinavyopunguza kidogo. Mwanafunzi huchukua masomo kadhaa kwa muhula, mihula miwili kwa mwaka, na akikamilisha idadi iliyowekwa hupewa shahada. Juu ya vyuo iko Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2012, ambayo kazi yake ni kuangalia kwamba kipimo cha chuo hiki si kidogo kuliko cha chuo kile. Iko tena sheria ya mwaka 2014 ya kupanga madaraja ya vyeti vyote nchini, na kwa mpango huo krediti moja ni saa 10 za kazi ya mwanafunzi, zile za darasani pamoja na zile za kujisomea peke yake.

Neno "krediti" ni la kigeni na asili yake inachekesha kidogo. Mwaka 1905 tajiri mmoja wa chuma huko Marekani, Andrew Carnegie, alitoa dola milioni 10 ili maprofesa wapate malipo ya uzeeni. Taasisi aliyoiunda haikutaka kugawa fedha ovyo. Ikasema chuo kitakachoingia katika mpango wake sharti kipokee wanafunzi waliosoma sekondari kwa kiwango kinachojulikana, na kiwango hicho kikapimwa kwa saa: somo moja, saa 120 na mwalimu katika mwaka. Vyuo vikakimbilia fedha, na kipimo kikaenea mpaka ndani ya vyuo vyenyewe. Kwa hiyo hapana mwanachuoni aliyekaa akatafakari namna elimu inavyoingia moyoni, kisha akasema ni saa 120 au 45. Lilikuwa ni shauri la malipo ya walimu. Na kwetu leo kipimo hicho hicho kinauliwa na malipo ya walimu.

Maana wahadhiri hawakugoma kwa upuuzi. Fedha walizokuwa wakidai mwaka 2025, takriban shilingi bilioni 7.9, zilitokana na mapatano ya miaka ya 2017 hadi 2021. Mapatano yaliyotiwa sahihi! Sisi Waislamu tunajua tulivyousiwa juu ya ujira wa mtu na jasho lake. Ukimwajiri fundi akakujengea ukuta, kisha ukamwambia angoje miaka, usishangae siku moja ukiukuta ukuta wa pili umefika magotini na fundi hayupo. Nataka lieleweke hili, kwa sababu wako wazazi waliomtukana mhadhiri wakamsahau aliyetia sahihi asilipe. Wala si jambo la jana. Chuo Kikuu cha Nairobi kilifungwa baada ya jaribio la mapinduzi la Agosti 1982 kikakaa zaidi ya mwaka. Mwaka 1993 wahadhiri waligoma wakitaka chama chao kisajiliwe, mgomo ukavuka hata mwaka 1994, na chama hakikusajiliwa mpaka 2003. Mwaka 2018 waligoma tena kuanzia Machi hadi Mei. Nchi hii ina watu wazima wengi ambao ukiwauliza shahada ya miaka 3 au 4 waliisoma kwa miaka mingapi, kwanza hucheka.

Ila zamani chuo kilipofungwa, kilifungwa. Mwanafunzi alirudi kwao akalima au akafundisha shule ya kijiji, na kilipofunguliwa aliendelea pale alipoachia. Alipoteza mwaka, lakini hakupoteza somo. Siku hizi tumezua dawa nyingine, nayo ni kubana. Wiki 7 zikipotea, muhula haurefushwi kwa wiki 7. Hubanwa katika zile zilizobaki, kwa kuwa nyuma yake kuna muhula mwingine, na wanafunzi wapya wako mlangoni na masanduku yao. Wiki 7 kwa saa 3 ni saa 21 kwa somo moja. Mwenye masomo 6 amepungukiwa saa 126. Na karatasi ya matokeo ikitoka, imeandikwa vile vile kana kwamba hapakutokea neno.

Hapa ndipo mimi nilipokwama. Sisi hapa pwani tumelelewa na pishi. Mama zetu walijua kwamba vibaba 4 ni pishi, na Ramadhani inapokaribia kwisha kila nyumba huulizana habari ya pishi, kwa sababu zakatul-fitri haitolewi kwa kukisia. Mwenye duka aliyekuwa na kibaba kilichopondwa kitako alijulikana mtaa mzima. Hakuiba mchele mwingi. Punje chache tu kila mara. Lakini watu walimwogopea akhera yake, kwani iko sura nzima iliyoteremshwa kwa jina la wapunjao, na kila mtoto aliyehitimu juzuu ya Amma ameisoma. Je, kibaba cha mchele kina heshima kuliko kibaba cha elimu?

Tena tuliangalie neno lenyewe, shahada. Kwa Kiswahili chetu ni cheti cha chuo, na ni ushahidi, na ndiyo nguzo ya kwanza ya dini. Anayetoa shahada anashuhudia. Msajili anapoandika kwamba fulani binti fulani amesomeshwa saa 45 za jambo fulani, anatoa ushahidi kwa watu wasiokuwapo, walioko Nairobi au Muscat au London, nao wataamini kwa kuwa hawana njia nyingine. Kadhi asingelikubali shahidi wa namna hiyo. Angemuuliza, "Ulikuwapo?"

Nilipolizungumza hili barazani baada ya Isha, mwenzangu mmoja aliyekuwa mwalimu wa serikali alinipinga kwa hoja nzuri. Alisema: Wewe ulisoma chuoni kwa Maalim, nani alikuhesabia saa? Elimu haipimwi kwa makalio, hupimwa kwa kichwa. Mtoto akijua amejua, awe amekaa saa 45 au 5.

Ni kweli sikuhesabiwa. Tulianza na ubao na wino tukiwa wadogo, tukapanda juzuu kwa juzuu, na hakuna aliyesema Juzuu ya Amma ni ya miezi 6. Yuko mwenzangu aliyehitimu katika miaka 2, na yuko aliyekaa 5, na wote tulipikiwa pilau ile ile. Mwaka wetu ulikuwa na mpangilio wake: Alhamisi tukipeleka ada na kupumzika mpaka Ijumaa ipite, Ramadhani chuo kikifungwa, Mfunguo Mosi tukirudi na kanzu mpya. Na zile elimu za juu, nahau na fiqhi, ambazo watu walikuwa wakizifuata mpaka Lamu katika Riyadha aliyoiasisi Habib Saleh, mwanafunzi hakupewa cheti cha saa. Alipewa ijaza na shekhe wake, kwa kitabu alichokisoma mbele yake tangu mwanzo hadi mwisho. Kila mmoja alijua kitabu gani, na nani aliyemsomesha, na huyo alisomeshwa na nani.

Lakini nilimjibu mwenzangu hivi. Maalim alikuwa na watoto 20 na alimjua kila mmoja kwa sauti yake. Ukikosea madda akiwa uani anatia udhu, utamsikia anakusahihisha. Mhadhiri wa leo ana mamia mbele yake, wengine wamesimama madirishani, na majina hawezi kuyajua hata akitaka. Pale ambapo mwalimu hakujui, saa ndiyo mlinzi wako. Ni mlinzi maskini, mwenye rungu tu, lakini ukimwondoa bila ya kuweka mwingine umeacha mlango wazi. Na tena mtihani wenyewe, tunaoambiwa ndio kipimo cha kichwa, hutungwa na yule yule aliyesomesha wiki 6, na atatunga yale ya wiki 6. Hawezi kuuliza ambayo hakuyafundisha. Kwa hiyo upungufu hauonekani kokote. Utaonekana miaka mbele, siku daraja litakapopasuka au mgonjwa atakapopewa dawa isiyo yake.

Barazani akanyamaza, akaagiza kahawa. Sijui kama alikubali.

Huko nje mambo haya yamekwisha kuwa bidhaa. Wazungu wa Ulaya walianza mpango wao wa krediti mwaka 1989 ili kijana wa Italia aweze kusoma Ujerumani na masomo yake yahesabiwe. Kwao mwaka mmoja ni krediti 60, na krediti moja ni saa 25 hadi 30 za kazi. Wamarekani hukadiria kwamba kila saa moja ya darasani inafuatwa na 2 za kujisomea. Chukua somo letu la saa 45 uliongeze na 90 za kujisomea, upate 135. Kwa Mmarekani hizo ni krediti 3. Kwa Mzungu wa Ulaya ni 4 na nusu, au 5 na kitu. Kwa hesabu yetu ya saa 10 ni 13 na nusu. Kitu ni kimoja, majina matatu, kama frasila na ratili na kilo. Hapana ubaya, maadamu kila mtu anajua mzani wa mwenzake. Ndiyo sababu Baraza la Vyuo Vikuu vya Afrika Mashariki, lenye makao yake Kampala, lilitoa mpango wa pamoja mwaka 2015, na tarehe 20 Mei 2017 viongozi wetu wakatangaza huko Dar es Salaam kwamba Afrika ya Mashariki sasa ni uwanja mmoja wa elimu ya juu. Maana yake ni kuwa mtoto wa Tanga au Kampala anaweza kuja Mombasa na saa zake, na wa Mombasa aende na zake. Lakini atakwenda na saa gani? Uwanja mmoja hauwi mmoja ikiwa pishi ya upande huu imepondwa kitako.

Nikiwa bado katika ratiba, kuna jambo la kwetu ambalo lazima niliseme, na watakaosema naleta udini waseme. Seneti ya chuo inapokaa kupanga mwaka, huijua Krismasi, huijua Pasaka, na huijua siku ambayo mwaka wa fedha wa serikali unaanza, yaani Julai 1. Ijumaa hawaijui. Binti yetu alipata mtihani uliowekwa saa 7 mchana siku ya Ijumaa, na wavulana wa darasa lake wakawa ama wakose sala ama waingie mtihanini nusu saa wenzao wameshaanza kuandika. Walikwenda ofisini wakaambiwa ratiba imetoka. Kumbe ratiba inayoweza kuvunjwa na mgomo kwa siku 49 haiwezi kusogezwa kwa saa moja!

Kuhusu Ramadhani na Idi, husemwa kwamba sisi hatuna tarehe, tunangoja mwezi. Huo ni uvivu wa kuhesabu. Mwaka wa Hijria una siku 354 au 355, basi Ramadhani hurudi nyuma kwa siku 10 au 11 kila mwaka, na hitilafu ya kuandama haizidi siku moja. Mtu anaweza kukaa leo akaandika kwamba mwaka 2030 Ramadhani itaingia mara mbili, mwanzo wa Januari na tena mwisho wa Desemba. Weka siku 2 tupu zisizokuwa na mtihani, na mambo yamekwisha. Wazee wetu walikuwa na kalenda mbili na hawakuchanganyikiwa: ya mwezi kwa ibada, na ya jua, ile ya Nairuzi, kwa majahazi na makonde, wakiihesabu kwa miongo ili wajue Kaskazi inaanza lini na Kusi lini. Nahodha asiyekuwa na chuo kikuu aliweza hayo.

Wala si jambo geni katika nchi hii. Katiba ya 2010, kifungu cha 32, imekataza mtu kunyimwa nafasi katika taasisi yoyote kwa sababu ya dini yake, na mwaka 2017 Mahakama ya Rufani iliwasikiliza Wasabato waliolalamika kuwa wanafunzi wao wanalazimishwa masomo siku ya Jumamosi. Walikwenda na hoja, wakasikilizwa. Sisi huku hunung'unika kwenye baraza. Na tukumbuke kwamba Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa, kilichopata hati yake mwaka 2013, mizizi yake ni ile MIOME, taasisi ya elimu ya Kiislamu iliyojengwa kwa michango iliyokuwamo mikono ya Sultani wa Zanzibar na Aga Khan. Elimu ya juu ya pwani ilianzia katika mfuko wa Waislamu. Kuomba saa moja ya Ijumaa si kuomba sadaka.

Sasa nataka nini? Nataka sheria iseme kuwa wiki ambayo haikusomeshwa isihesabiwe. Basi. Mgomo ukipita wiki 7, muhula urefushwe wiki 7, na gharama ya kurefusha, yaani chumba cha kupanga na chakula cha mwanafunzi, iwe juu ya yule aliyevunja mapatano. Mkopo wa serikali hutolewa kwa mwaka wa masomo, nao mwaka ukinyooshwa ukawa miezi 16, tumbo la mtoto halijui. Aliyevunja akilazimishwa kulipa, nadhani mapatano yataheshimiwa upesi zaidi. Na kama haiwezekani kurefusha, basi karatasi ya matokeo iandike kweli: somo hili, saa 18. Najua watoto wataumia. Mwajiri ataiona ile 18 na kukunja uso. Nimelifikiria hilo nikakosa usingizi, kwani mmoja wao ni wetu. Lakini ile 45 nayo inawaumiza, ila kwa siri, na inamwumiza zaidi yule aliyejitahidi akasoma peke yake usiku kucha, kwa sababu yeye na asiyefungua kitabu wameandikiwa uongo mmoja.

Nilimwita binti yetu juzi nikamwambia: mwanangu, barua ipeleke, kwa kuwa si wewe uliyeiandika. Lakini tia na yako. Eleza kwamba palikuwa na mgomo, taja tarehe, taja vitabu ulivyovisoma mwenyewe mgomoni, kimoja kimoja, kama mtu anayeomba ijaza. Akaniangalia kama nimempa shauri la wazee. Kisha akatoa daftari akaanza kuandika majina ya vitabu. Alifika 11.

Mahafali yake bado hayana tarehe. Mamake alinunua leso za kugawia jamaa tangu mwaka jana, doti nzima nzima, nazo zimo sandukuni na udi.